Maswali ya Wasomaji: Vyuma Chakavu Vilivyolala Stoo

Tangu tulipozungumzia namna ya kupunguza vitu visivyotumika nyumbani, barua nyingi zilizotufikia zimeuliza kuhusu vyuma: kipi kinauzika, kipi kiachwe, na mwenye nyumba afanye nini ili asipunjwe. Tumechagua barua sita, na tumeijibu ya kwanza kwa urefu kwa sababu majibu ya nyingine yanaiegemea.

Ndugu Mhariri, nimesafisha stoo na kukuta kitanda cha chuma kilichovunjika, sufuria nne zilizotoboka, feni iliyoungua, koki tatu za zamani na mfuko wa makopo. Mnunuzi wa vyuma chakavu aliyepita nyumbani alivitazama kwa mbali, akataja bei moja kwa kilo kwa vitu vyote, na aliponiona nasita akasema kwamba chuma ni chuma tu. Je, ni kweli? Mama wa watoto watatu

Dada yetu, ulifanya vyema kusita. Bei moja kwa mzigo uliochanganyika karibu kila mara ni bei ya kitu duni kuliko vyote vilivyomo, yaani chuma cha kawaida, na ile shaba iliyojificha ndani ya feni na koki zako huondoka na mnunuzi kama bakshishi. Kilo ya shaba huuzwa kwa bei iliyo mara nyingi zaidi ya ile ya kilo ya chuma, na alumini huwa katikati yao. Kwa hiyo pato lako litategemea uchambuzi utakaoufanya kabla mnunuzi hajafika kuliko wingi wa vitu ulivyo navyo.

Anza na sumaku. Ile iliyotolewa kwenye spika mbovu inatosha kabisa. Kila inachokinasa kwa nguvu, kama kitanda chako, misumari, mabati na makopo ya vyakula, ni chuma cha kawaida, nacho kikae fungu lake. Kisichonaswa kinastahili kuangaliwa zaidi. Hata hivyo, sumaku ina mipaka yake. Chuma cha pua kinachotumika katika masinki na vyombo vingi vya jikoni, kile chenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, kwa kawaida hakinaswi, ilhali aina nyingine ya chuma cha pua isiyo na nikeli hunaswa kama chuma chochote. Ile ya kwanza ina bei nzuri zaidi kwa sababu ya nikeli iliyomo, kwa hiyo kitu chochote kinachong'aa, kizito kama chuma, kisichoshika kutu wala kunaswa, usikitupe kwenye fungu la kitanda. Sumaku itakusaidia pia kuwagundua wadanganyifu wa upande wa pili: vitasa, bawaba na mapambo mengi yenye rangi ya shaba ni chuma kilichopakwa rangi hiyo juu tu, na sumaku hukishika papo hapo.

Baada ya sumaku, chukua tupa ndogo. Kwangua mahali pasipoonekana hadi upite rangi na ule weupe wa juu, kisha tazama kilichopo chini. Wekundu ni shaba tupu, umanjano ni ile shaba iliyochanganywa na zinki ambayo hutengenezewa koki na valvu, na weupe mwepesi ni alumini.

Koki zako ndizo zitakazokusumbua, kwa hiyo tuzitazame kwa karibu. Ondoa mpini wa plastiki, fungua skrubu ya chuma inayoushikilia, toa mpira wa ndani na ukate kipande cha bomba la chuma kama bado kimeganda kwenye uzi. Ukikwangua chini ya ung'avu wa nje na kuona umanjano, una shaba ya njano. Ukiona weupe wa kijivu, koki hiyo imetengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki, ambao thamani yake ni ndogo kuliko ya shaba. Ikiwa macho yanakusaliti, tumia maji. Pima koki kwa mizani ya jikoni, kisha izamishe katika jagi lenye alama za mililita, uitikise ili hewa yote itoke, na usome maji yamepanda kwa kiasi gani. Gawanya gramu kwa mililita. Koki ya gramu 510 inayopandisha maji kwa mililita 60 inakupa 8.5, na hicho ndicho kipimo cha shaba ya njano; koki ya ukubwa uleule yenye gramu 400 inakupa takriban 6.7, nayo ni ya zinki. Kwa njia hiyo hiyo alumini itakupa 2.7, chuma karibu 7.9, shaba tupu karibu 9 na risasi zaidi ya 11. Mnunuzi anayeona umeandika namba hizo kwenye karatasi hubadilisha lugha haraka.

Sufuria zako huenda ni za alumini. Ng'oa vipini vya chuma na vya plastiki pamoja na ribiti zake, kwa sababu alumini yenye vipande vya chuma hushushwa daraja au hupunguziwa uzito kwa makadirio ya mnunuzi, na makadirio hayo hayajawahi kumpendelea muuzaji. Usiyachanganye mabamba mepesi ya sufuria na fremu za madirisha. Zote ni alumini, lakini fremu hutoka katika aina moja inayojulikana na kwa kawaida hulipiwa zaidi.

Feni ina shaba katika mota yake, nyuzi nyembamba zilizozungushwa ndani ya mabamba ya chuma. Kabla ya kuisifia, kwangua uzi mmoja kwa kisu, kwa maana siku hizi mota nyingi za bei nafuu zimefungwa nyuzi za alumini zilizopakwa vanishi yenye rangi nyekundu, na chini ya vanishi hiyo utakuta weupe. Kuzitoa nyuzi hizo ni kazi ya jasho. Kwa mota moja au mbili, ushauri wangu ni kuziuza zikiwa nzima kama mota, kwa bei ya mota, ambayo huwa juu ya bei ya chuma.

Kuhusu makopo, tenga ya soda na ya vyakula. Ya soda kwa kawaida ni ya alumini, na kopo tupu la kawaida lina uzito wa gramu 13 hadi 15, maana yake ni kwamba unahitaji takriban 70 ili kupata kilo moja. Yasuuze, yakaushe, uyakusanye kwenye gunia bila haraka. Ya vyakula ni chuma chembamba kilichopakwa bati. Hujaza nafasi kubwa na kupima kidogo, na mimi nisingeyasafirisha mwendo wowote kwa ajili yake yenyewe tu.

Mheshimiwa Mhariri, baada ya kubadilisha nyaya za nyumba nimebaki na marobota kadhaa ya waya wa zamani. Jirani ananiambia niyachome moto ili plastiki iishe na shaba ibaki. Je, kuna ubaya?

Ubaya upo, tena wa aina mbili. Plastiki inayofunika nyaya nyingi za nyumbani ni PVC, na ikichomwa hutoa gesi ya asidi inayokereketa macho na mapafu, pamoja na sumu za jamii ya dayoksini ambazo hudumu muda mrefu katika udongo na katika miili ya watu na wanyama. Kuchoma nyaya kwenye uwanja ambako watoto watacheza kesho ni kuuza afya yao kwa bei ya kilo. Ubaya wa pili ni wa mfukoni: shaba iliyochomwa hutoka nyeusi, imeshika majivu na kulika juu, nayo hushushwa daraja, wakati shaba iliyomenywa kwa kisu ikabaki inang'aa huwekwa daraja la juu kabisa. Jirani yako anakushauri ufanye kazi hatari ili ulipwe pungufu.

Kumenya nako hakulipi kwa kila waya. Fanya hesabu hii kabla ya kuanza. Kata kipande cha mita moja, kipime, kimenye, kisha upime shaba peke yake. Tuseme kipande kilikuwa na gramu 100 na shaba ikatoka gramu 65. Maana yake ni kwamba asilimia 65 ya robota lako ni shaba. Uliza bei mbili, ya waya usiomenywa na ya shaba safi, kisha zidisha ile ya shaba safi kwa 0.65. Jibu likizidi bei ya waya usiomenywa kwa kiasi kinachostahili jasho lako, menya. Likikaribiana nayo, uza ulivyo. Kwa kawaida nyaya nene za sakiti ya jiko la umeme hulipa, na zile nyembamba za taa, chaja na vipokea sauti hazilipi, kwani utamaliza mchana mzima ukiwa na konzi ya nyuzi tu.

Unapomenya, laza waya ubaoni, pasua plastiki kwa urefu ukielekeza kisu mbali na mkono unaoshikilia, na uvae glavu. Tazama pia ncha iliyokatwa: iwapo katikati ni nyeupe na nje ni nyekundu, huo ni waya wa alumini uliopakwa shaba, nao unapimwa kando. Na kama nyaya bado ziko ukutani, asiziguse mtu kabla fundi umeme hajathibitisha kwamba hazina umeme.

Mhariri, shemeji yangu ameleta friji bovu, maikrowevu, televisheni ya chogo na betri mbili za gari. Anataka tuvivunje hapa nyumbani ili tuuze shaba na risasi. Mimi nina wasiwasi, ila yeye anasema ameshaona watu wakifanya.

Wasiwasi wako una msingi, na tunaomba umsomee shemeji yako jibu hili kabla hajashika nyundo.

Betri za gari zisifunguliwe hata kidogo. Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na ndiyo maana wanunuzi huzitaka, lakini huzinunua zikiwa nzima. Ukiipasua unamwaga asidi ya salfa inayounguza ngozi na macho, na unasambaza vumbi la risasi ambalo Shirika la Afya Duniani linasema halina kiwango chochote kinachojulikana kuwa salama. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto anayekua, na vumbi lake huingia ndani ya nyumba kwa viatu na nguo za mtu aliyefanya kazi nje. Zihifadhi wima, mahali penye kivuli, watoto wasipofika, na uziuze kwa mnunuzi anayezipokea bila kuzimwaga maji yake chini.

Maikrowevu ndiyo inayowahadaa wengi, kwa sababu mtu huichomoa kwenye soketi akaamini imekufa. Ndani yake kuna kapasita inayofanya kazi kwenye umeme wa volti 2,000 au zaidi, na inaweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomolewa. Transfoma yake ina kilo kadhaa za chuma na nyuzi ambazo mara nyingi siku hizi ni za alumini. Hatari ile kwa zawadi hii, mimi sioni biashara hapo. Iuzeni nzima.

Televisheni ya chogo ina kioo kikubwa kisicho na hewa ndani, ambacho kikipigwa hubomokea ndani kwa kishindo na kurusha vipande, na kioo chenyewe kina risasi. Kipande kidogo cha nyuzi za shaba kilicho shingoni mwake hakistahili kusababisha jicho lipofuke.

Kuhusu friji, kabla ya kukata bomba lolote, jiulizeni gesi itakwenda wapi. Mafriji ya zamani sana yana gesi aina ya R-12, ambayo ni miongoni mwa zile zilizowekewa udhibiti na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa sababu zinaharibu tabaka la ozoni. Yaliyofuata yana R-134a, ambayo kilo yake moja huongeza joto la dunia mara zaidi ya 1,400 kuliko kilo ya hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100. Mengi ya kisasa yana R-600a, ambayo inawaka, na msumeno wa umeme ukigusa bomba lake cheche moja inatosha kuleta msiba. Mwiteni fundi wa majokofu aivute gesi kwa mashine na kuiweka mtungini. Kompresa ikishatolewa kwa njia hiyo huuzwa nzima, kwani ndani yake kuna mota yenye nyuzi pamoja na mafuta ambayo hampaswi kuyamwaga.

Kwa kuwa tumefika hapo, tuongeze vitu viwili ambavyo barua haikuvitaja: mtungi wa gesi ya kupikia na betri za simu. Mtungi hata ukionekana mtupu hubaki na mabaki ya gesi, na mara nyingi ni mali ya kampuni iliyoujaza, kwa hiyo urudishwe huko. Betri za lithiamu zikitobolewa au kubanwa huwaka zenyewe, na zikijificha katikati ya gunia la vyuma zinaweza kuunguza ghala zima.

Ndugu Mhariri, mnunuzi wangu hutumia mizani ya kuning'iniza. Nilipopima mzigo wangu kwa mizani ya duka la jirani kabla hajafika, ulikuwa mzito zaidi. Nikimwuliza anakasirika. Nifanye nini? Mzee mstaafu

Mzee wetu, shikamoo. Hasira ya mnunuzi isikutishe, na wala huna haja ya kugombana naye, kwa sababu maji yatakusemea. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 lililojazwa sawasawa hadi alama yake lina kilo 20 za maji pamoja na uzito wa dumu lenyewe, ambao utaupima likiwa tupu. Mnunuzi akifika, mwombe kwa upole apime dumu hilo kwanza. Mizani ikisoma 17, kila mtu amekwisha kuelewa, na hakuna aliyeitwa mwizi.

Angalia pia kwamba mshale uko kwenye sufuri kabla ya kitu chochote kuning'inizwa, kwamba hakuna mguu wala mkono unaoinua gunia kutoka chini, na kwamba uso wa mizani umekuelekea wewe pia. Pima kila fungu peke yake, ukianza na shaba, maana makosa ya nusu kilo kwenye chuma ni madogo lakini kwenye shaba yanauma. Uzito wa gunia utolewe kwa kulipima tupu, si kwa kukisia. Mali bila daftari huisha bila habari: andika aina, kilo na bei ya kila fungu, mkokotoe pamoja, kisha ndipo fedha zitolewe. Ukiweza, uliza bei kwa wanunuzi wawili au watatu kabla ya siku ya mauzo, na uwaulize kwa jina la fungu, "shaba ya njano safi, bila chuma", si "vyuma".

Kijana mmoja huniletea vipande vya nyaya nene na mifuniko ya chuma, akiomba niviweke kwangu na kuviuza pamoja na vyangu, kisha tugawane. Hasemi anavitoa wapi.

Kataa leo. Mifuniko ya mashimo ya maji machafu, nyaya nene za umeme, vipande vya reli, alama za barabarani na mita za maji si vitu vya nyumbani. Vina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni umma. Shimo lililoachwa wazi usiku huvunja miguu ya watu wasio na hatia, na sheria za nchi nyingi humhesabu anayepokea mali ya wizi kuwa mkosaji pamoja na aliyeiba. Kwa upande wako mwenyewe, hifadhi risiti au hata picha ya kitu kikiwa bado kimefungwa nyumbani kwako, hasa unapouza nyaya na mabomba ya shaba, kwa sababu mnunuzi mwaminifu atakuuliza vimetoka wapi na huenda akataka kitambulisho. Anayenunua bila kuuliza chochote atakuponza.

Mhariri, je, nisubiri bei ipande? Na cherehani ya zamani ya bibi yangu, ya chuma kizito, niipeleke pamoja na vyuma vingine?

Bei za shaba, alumini, risasi, zinki na nikeli hufuata soko la dunia, na soko linalotazamwa zaidi ni lile la metali la London lililoanzishwa mwaka 1877. Hupanda na kushuka kwa sababu ambazo mwenye kilo tano stoo hawezi kuzibashiri. Shaba na alumini zikiwekwa pakavu hazipungui, kwa hiyo unaweza kuzilimbikiza hadi zifike uzito unaolipia nauli. Chuma cha kawaida hula kutu, huchukua nafasi na huwakata watoto. Kikifika mzigo mmoja, kitoke.

Cherehani usiipeleke kwanza. Sehemu kubwa ya uzito wake ni chuma cha kumiminwa, ambacho kwenye mizani kitakupa bei ndogo kabisa, ilhali mashine hizo zikipata mafuta na mkanda mpya mara nyingi hushona tena. Zungusha gurudumu lake kwa mkono. Kama limekwama, tia mafuta ya cherehani kwenye matundu yake, uliache hadi kesho yake na ujaribu tena. Likizunguka, mwonyeshe fundi cherehani au fundi nguo kabla ya kumwonyesha mtu wa mizani, na hata lisipozunguka, muulize fundi huyo kama anahitaji vipuri.